Kwa nini vita vya mbali hupandisha bei siku ya pili, na kwa nini bei hazirudi vita vikiisha?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: «Shikamoo mwalimu. Mimi naagiza vipuri vya mashine kutoka nje na kuviuza kwa jumla. Vita vikizuka mahali ambako sina mteja wala muuzaji, wakala wangu wa meli ananiandikia siku ya pili kwamba nauli imepanda. Vita vikitulia inashuka kidogo, lakini hairudi ilipokuwa. Hilo la kwanza. La pili, mwenzangu tunayefanya naye biashara anasema vita ni vibaya kwa watu lakini ni vizuri kwa uchumi, na ndiyo maana wakubwa hawavimalizi. Ana ukweli? Nisaidie nielewe, maana kila mwaka najikuta nalipia vita nisivyovijua.»

Marahaba, ndugu yangu. Nimeyashika hayo maneno yako ya mwisho, kwamba unalipia vita usivyovijua. Ni kweli unalipia, wala hujaibiwa na wakala wako, au tuseme si mara zote. Nitakueleza pesa hiyo inapita wapi, kisha nimjibu mwenzako.

Wengi wetu tunadhani vita hugusa biashara pale bomu linapoangukia ghala au bandari. Hilo lipo, na kwa walio chini ya bomu hakuna kubwa kuliko hilo. Ila kwako wewe uliye mbali, vita huja kwa karatasi: barua ya kampuni ya bima, masharti mapya ya benki, riba iliyoongezwa. Karatasi haingoji bomu lianguke. Ikishaonekana kwamba laweza kuanguka, inatosha.

Nimefanya kazi ya kukadiria gharama za shehena za baharini kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nianzie pale ninapopajua. Meli huwa na bima ya mwaka mzima dhidi ya dhoruba, moto na kugongana. Vita havimo humo. Vita vina bima yake ya pembeni, na ndani yake mna kifungu kinachosema kwamba meli ikitaka kuingia eneo lililotajwa kuwa la hatari, mwenye meli atoe taarifa kwanza, na bei ipangwe upya kwa safari hiyo tu. Orodha ya maeneo hayo hutolewa London na Kamati ya Pamoja ya Vita, ambayo ni ya wakadiriaji wa soko la Lloyd's na makampuni mengine ya bima ya jijini humo. Siku wakiingiza bahari fulani kwenye orodha, hakuna bunge lililopitisha sheria wala jeshi lililofunga njia, lakini bahari hiyo imeshakuwa ghali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dalali anaandika jina la meli, bendera yake, mwaka ilioundwa, mwenye meli ni nani na ana uhusiano na nchi gani, thamani yake, itapita wapi, siku gani, saa ngapi, ina walinzi au haina. Jibu linarudi likiwa namba moja tu, asilimia ya thamani ya meli, na kwa kawaida inatosha siku saba. Namba hiyo nayo haidumu. Hali ikichafuka, utaambiwa ni nzuri kwa saa 24. Ukilala nayo bila kukubali, na usiku huo kombora likarushwa, asubuhi imekufa na unaanza upya. Nimewahi kuona nahodha akizunguka nje ya mlango wa bahari kwa siku nzima, injini inaunguza mafuta, huku sisi mezani tukibishana juu ya nukta moja ya asilimia.

Chukua Bahari ya Shamu. Tarehe 19 Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen waliiteka meli ya kubeba magari, Galaxy Leader, wakishuka juu yake kwa helikopta. Kabla ya hapo bima ya vita ya kupita kule ilikuwa karibu asilimia 0.05 ya thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imekaribia asilimia 1. Kwa meli ya dola milioni 100, hiyo ni kutoka dola 50,000 hadi karibu dola milioni 1 kwa kupita mara moja. Na haukuwa woga wa bure. Machi 2024 kombora liliipiga meli ya shehena True Confidence na kuua mabaharia 3, watu waliokuwa kazini wakitafutia watoto wao riziki, wasio na ugomvi na yeyote. Kila ninapozungumzia asilimia hizi nawakumbuka wale watatu.

Sasa tugawanye, maana hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Meli ikibeba kontena 10,000, ile dola milioni 1 ya bima inakuwa dola 100 kwa kila kontena. Lakini nauli ya kontena la futi 40 kutoka Shanghai hadi Rotterdam ilikuwa karibu dola 1,200 mwishoni mwa Novemba 2023, na katikati ya Januari 2024 ilikaribia dola 5,000. Bima imetueleza dola 100. Zile nyingine zaidi ya 3,500 zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye siku. Makampuni makubwa ya meli yaliamua kuzunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema, yaani kuongeza maili za baharini kama 3,500 na siku 10 hivi kati ya Asia na Ulaya ya Kaskazini. Fikiria huduma ambayo meli yake huchukua wiki 12 kwenda na kurudi. Ili kila wiki iwepo moja ya kuondoka, unahitaji meli 12. Safari ikirefuka kuwa wiki 15, unahitaji 15. Hizo tatu za ziada hazidondoki kutoka mbinguni. Zinanyang'anywa njia nyingine, na kule zilikotolewa nafasi inapungua na nauli inapanda, ingawa kule hakujasikika mlio wa risasi hata mmoja. Hiyo ndiyo sababu vipuri vyako hupanda nauli hata visipopita karibu na vita. Vinagombea nafasi kwenye meli zilezile.

Misri, ambayo haikuwa ikipigana na mtu kwenye bahari hiyo, ilikusanya zaidi ya dola bilioni 10 kutoka Mfereji wa Suez mwaka 2023. Mwaka 2024 ilipata karibu dola bilioni 4. Wakati huohuo makampuni ya kontena yaliyouanza mwaka 2024 yakitarajia faida ndogo yalijikuta yakipandisha makadirio yao mara kadhaa.

Unaweza kuniuliza: mbona hata mali iliyokwisha kufika ghalani, iliyonunuliwa kwa nauli ya zamani, nayo hupanda siku hiyohiyo? Mwenye ghala hapangi bei kwa alichonunulia, anapanga kwa atakachonunulia tena. Akiuza kwa bei ya jana, kesho pesa aliyopata haitoshi kurudisha mzigo uleule rafuni. Nadhani wewe mwenyewe umeshafanya hivyo. Walio wengi hawafanyi kwa uroho, ingawa siwezi kumsafisha kila mtu. Wapo wanaongoja habari za vita kama mvua.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye ankara yoyote, nayo ni kitu kimoja kidogo kukosekana. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, dunia nzima ilitazama ngano, mafuta na gesi, na ilikuwa sawa kutazama huko. Lakini ndani ya siku chache tu viwanda vya Volkswagen na BMW nchini Ujerumani vilikuwa vinasimamisha kazi kwa kukosa waringi. Ndiyo, lile fungu la nyaya linalopita chini ya zulia la gari na kupeleka umeme kwenye taa, vioo na injini. Linafungwa kwa mikono, waya kwa waya, juu ya ubao mrefu, na kila oda ya gari ina fungu lake, kwa hiyo huwezi kujaza ghala kwa akiba ya mwaka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa imehamishiwa magharibi mwa Ukraine kwa sababu ya ujira nafuu na ukaribu. Viwanda vile havikuwa vimepigwa. Ila wanaume walikuwa wameitwa jeshini, wanawake na watoto walikuwa njiani kuvuka mpaka, na waliobaki walifanya kazi kati ya king'ora kimoja na kingine. Gari la makumi ya maelfu ya euro likakwama kwa kukosa fungu la waya. Tangu siku hizo, ukiongea na mnunuzi yeyote wa kiwanda, atakwambia anataka wauzaji wawili kwa kila kitu, na ghala lenye akiba. Wauzaji wawili ni ghali kuliko mmoja, na akiba ni pesa iliyolala. Shika hilo, maana ni sehemu ya jibu la kwa nini bei hazirudi.

Kwenye ngano habari ilikuwa nzito zaidi. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa kati ya nchi na nchi, na Ukraine peke yake karibu nusu ya mafuta ya alizeti. Machi 2022 kipimo cha bei za chakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianze kuwekwa. Nafaka ilikuwepo, imejaa maghala ya Odesa. Kilichokosekana ni njia salama ya baharini, na meli yenye bima ya kuiendea. Makubaliano yaliyotiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai 2022, kwa usimamizi wa Umoja wa Mataifa na Uturuki, yalitoa karibu tani milioni 33 kabla ya Urusi kujitoa Julai 2023. Baada ya hapo Ukraine ilifungua njia yake ikifuata pwani ya Romania na Bulgaria. Jeshi liliisukuma mbali manowari ya adui, lakini meli za biashara zilianza kuja kwa wingi zaidi pale serikali, benki na soko la bima la London walipoanzisha mpango wa pamoja wa bima nafuu mnamo Novemba 2023. Sisi tuliokaa miaka mingi kwenye meza hizo hatukushangaa. Anayefungua bandari ni yule anayekubali kulipa meli ikizama.

Nije kwenye benki. Siku chache baada ya uvamizi ule, Marekani, Ulaya na washirika wao walizizuia akiba za benki kuu ya Urusi zilizokuwa mikononi mwao, zinazokadiriwa dola bilioni 300, nyingi zikiwa Ubelgiji. Baadhi ya benki za Urusi zikatolewa kwenye mfumo wa SWIFT, ule unaopeleka maagizo ya malipo kati ya benki na benki. Makampuni ya nje yakaanza kutoka. BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza iliyokuwa na karibu asilimia 20 ya Rosneft, kampuni ya mafuta ya Urusi, iliandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 20 katika robo moja ya mwaka. Renault iliuza hisa zake za Avtovaz, kiwanda kikubwa cha magari cha Urusi, kwa rubli moja. Rubli moja, ndugu yangu, kwa kitu ilichokijenga kwa miaka mingi.

Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu haki ya hatua zile. Mimi naona uvamizi ulistahili kujibiwa. Lakini nakuomba uone kilichofuata, kwa sababu ni siasa ya dunia iliyoandikwa kwa lugha ya fedha. Kila benki kuu ilijiuliza swali moja: kama akiba ya nchi kubwa vile inaweza kuzuiwa kwa usiku mmoja, yangu iko salama kiasi gani? Mwaka 2022, 2023 na 2024, kila mwaka, benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu. Dhahabu iliyo kwenye chumba chako cha chini haizuiwi na mtu. Mafuta ya Urusi nayo hayakukauka. India, ambayo kabla ya vita ilinunua kidogo sana, ikawa miongoni mwa wateja wake wakubwa, na mafuta hayo yakaanza kubebwa na meli kuukuu zinazobadilisha majina na bendera, zenye bima isiyoeleweka. Siku moja mojawapo itapasuka kwenye pwani ya watu, na hakuna wa kuwalipa wavuvi. Hili linanitia hofu kuliko bei ya pipa.

Kwako wewe, vikwazo hivyo huonekana kama usumbufu. Benki inakuuliza maswali kumi zaidi, malipo yanakaa wiki mbili, karani anataka kujua mwenye kiwanda unachonunua kwake ni nani na mwenye hisa zake ni nani. Huna kosa lolote, na muuzaji wako hana. Benki inaogopa faini, kwa hiyo inaona heri ikukataze wewe kuliko ijiingize hatarini. Muda huo wa kungoja nao una bei, hata kama hakuna anayeuandikia ankara.

Halafu kuna riba, na hii ndiyo njia ambayo vita humfikia maskini wa mbali kwa ukali kuliko zote. Nisiseme uongo: mfumuko wa bei wa 2022 haukuanzishwa na vita. Ulikuwa umeshaanza baada ya korona. Vita viliumwagia petroli. Benki kuu ya Marekani, iliyokuwa na riba karibu na sifuri Machi 2022, iliifikisha kati ya asilimia 5.25 na 5.50 ilipofika Julai 2023. Riba ya dola ikipanda, pesa za wawekezaji zinarudi Marekani, sarafu za nchi nyingine zinashuka, na nchi inayodaiwa kwa dola inajikuta deni limenenepa bila kukopa hata senti mpya. Sri Lanka ilikuwa na makosa yake makubwa ya miaka ya nyuma, ya kodi na ya mbolea, lakini bei ya mafuta ya 2022 ndiyo iliyomaliza dola zake za mwisho. Aprili ilitangaza haiwezi kulipa madeni ya nje. Julai wananchi waliingia ikulu na rais akaikimbia nchi. Desemba mwaka huohuo Ghana nayo ikasimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje.

Uhusiano wa vita na deni ni wa zamani. Benki ya Uingereza yenyewe ilianzishwa 1694 ili serikali ipate pauni milioni 1.2 za kupigana na Ufaransa, kwa riba ya asilimia 8. Kodi ya mapato nchini humo ilianza 1799 kwa ajili ya vita na Wafaransa haohao. Deni la Uingereza lilikuwa kama pauni milioni 650 mwaka 1914, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha lilikuwa limepita pauni bilioni 7. Hatifungani za vita vile zilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Mkopo ambao Uingereza iliuchukua Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulimalizika Desemba 2006. Hebu fikiria: mtoto aliyezaliwa siku mkopo unasainiwa alikuwa mtu wa miaka 61 siku awamu ya mwisho inalipwa.

Na anayedaiwa hana sauti. Mwaka 1956, rais wa Misri Gamal Abdel Nasser alipoutaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza, Ufaransa na Israel ziliivamia Misri. Kijeshi walikuwa wanashinda. Misri ikazamisha meli kuuziba mfereji, mafuta ya Ulaya yakapungua, na pauni ikaanza kuuzwa kwa wingi kwenye masoko. London ikahitaji msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Rais Eisenhower wa Marekani, aliyeupinga uvamizi ule, hakukubali msaada utoke mpaka majeshi yaondoke. Harold Macmillan, waziri wa fedha aliyekuwa mstari wa mbele kuutaka uvamizi, ndiye aliyewaletea mawaziri wenzake habari ya akiba inayovuja. Vita vilisimama tarehe 6 Novemba, siku chache baada ya kuanza, na kabla ya mwaka kuisha majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yameondoka. Mara nyingi nimewaambia vijana ninaowafundisha: ukitaka kujua taifa kubwa limefika mwisho wa nguvu zake, acha kuhesabu manowari zake, tazama nani anashikilia deni lake.

Sasa nimjibu mwenzako. Anaposema vita ni vizuri kwa uchumi, nadhani ana picha ya Marekani kichwani, na picha hiyo ina msingi. Ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa karibu asilimia 15 mwaka 1940, na mwaka 1944 ulikuwa kama asilimia 1. Lakini viwanda vya nchi hiyo havikuharibiwa kwa mabomu. Washindani wake wote, Ujerumani, Japani, Uingereza, Ufaransa, walikuwa wamevunjika. Na hata huko, raia hawakuishi kwa neema: kuanzia Februari 1942 viwanda viliacha kabisa kutengeneza magari ya watu binafsi, na sukari, nyama na petroli zilipimwa kwa kuponi. Kazi zilikuwepo, ila kilichotengenezwa kilikuwa cha kulipuka. Kifaru hakilimi. Ukikiunda kwa dola milioni moja, takwimu za Pato la Taifa zinakihesabu sawasawa na trekta 20, lakini mwaka ujao trekta zitaleta mavuno na kifaru kitaleta bili ya mafuta au kitakuwa chuma kilichoungua shambani.

Wapo wanaofaidika, sikatai, nao mara nyingi ni wale wanaokaa jirani na vita bila kuwa ndani yake. Toyota ilikuwa karibu kufilisika mwaka 1950, mwanzilishi wake amejiuzulu, wafanyakazi wamegoma. Mwezi Juni vita vya Korea vikaanza, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwake. Kampuni ikapona. Ng'ambo ya maji kidogo tu, Wakorea walikufa kwa mamilioni na miji yao ikasawazishwa na ardhi. Mhasibu wa Toyota na mjane wa Korea wakiulizwa kama vita ni vizuri kwa uchumi, watatoa majibu mawili, na yote yatatokana na vitabu sahihi vya hesabu. Swali la mwenzako lina upungufu huo. Hakuna kitu kinachoitwa uchumi kinachofaidi chenyewe. Kuna fulani anayepokea na fulani anayelipa. Pato la Ukraine lilianguka karibu asilimia 29 katika mwaka mmoja wa 2022. Makadirio yaliyotolewa na Benki ya Dunia na wenzake Februari 2025 yalisema kuijenga upya kutagharimu dola bilioni 524. Kwenye kitabu hicho sijaona ukurasa wa faida.

Kuhusu wakubwa kutomaliza vita kwa makusudi ili wachume, hapo simfuati. Nimeona tamaa nyingi, lakini nimeona zaidi viongozi walioingia vitani wakidhani ni wiki chache, kisha wakakosa njia ya kutoka isiyowaaibisha. Na kisiasa vita vimewagharimu. Mwaka 2024, vyama tawala katika nchi nyingi tajiri vilipoteza kura, Uingereza, Marekani, Japani na kwingineko, na wapiga kura wengi walitaja bei kabla ya jambo jingine lolote. Lakini nakubaliana naye kwenye jambo moja: vikianza, vita hutengeneza watu ambao mishahara yao inavitegemea, na watu hao wana wabunge. Matumizi ya kijeshi ya dunia mwaka 2024 yalifika dola bilioni 2,718 kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja. Kiwanda cha mizinga kilichojengwa kwa mkataba wa miaka kumi hakifungwi kwa sababu tu mkataba wa amani umesainiwa.

Hapo nakuwa nimeshaanza kujibu lile lako la bei kutorudi. Amani inanyamazisha bunduki, haifuti mkataba uliosainiwa kwa nauli ya juu, wala mkopo uliochukuliwa kwa riba ya juu, wala kodi iliyoongezwa kulipia silaha. Kampuni ya meli hairudi njia ya zamani siku ya kusitisha mapigano; inangoja miezi ione kama usitishaji unashika, kwa sababu kuzipanga upya meli mia mbili kisha kuzigeuza tena ni hasara mara mbili. Bima nayo hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi. Na yule mnunuzi wa kiwanda aliyetafuta muuzaji wa pili hamwachi, maana ameshaonja kusimama. Mfereji wa Suez ulifungwa na vita vya 1967 na haukufunguliwa mpaka Juni 1975. Katika miaka hiyo minane wenye meli walijenga meli za mafuta kubwa mno, za kuizunguka Afrika kwa faida. Mfereji ulipofunguliwa, nyingi hazikuweza kupita zikiwa na mzigo. Njia ilirudi, biashara ilikuwa imeshabadilika umbo.

Nikusaidie na la vitendo kabla sijaacha. Nauli ikipanda kwa ajili ya vita, usikubali namba moja iliyofungwa pamoja. Mwombe wakala akutenganishie nauli yenyewe, ada ya bima ya vita, na ada ya mzunguko au ya msongamano. Ada ya vita uliza ni ya tarehe gani ya kupakia, na kama meli yako inapita kweli eneo lile. Nimeona wateja wakitozwa ada ya Bahari ya Shamu kwa mzigo ambao meli yake ilizunguka kusini. Hiyo ikatae kwa maandishi. Ada ya mzunguko huwezi kuikwepa, lakini mkatabani weka sharti kwamba itapitiwa upya kila baada ya siku 90, ili ikishuka sokoni ishuke na kwako bila wewe kuomba. Na bima ya mzigo wako isome ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Mara nyingi vita vimewekwa hapo kwa herufi ndogo, na bima ya vita kwa mzigo huuzwa peke yake, ina notisi ya siku chache tu ya kusitishwa. Inunue kabla mzigo haujapakiwa, kwa sababu eneo likishachafuka wakati meli iko baharini, hakuna atakayekuuzia kwa bei unayoiweza.